Hakuna Simu, Mwanangu

Simu ililia pale pale Mama Loisi alipofika kwenye "Baba, nisemeshe na mimi." Alikuwa amepiga magoti juu ya kanga iliyokunjwa, viwiko kitandani, macho ameyafumba mpaka yanauma. Akajidai hasikii. Simu nayo ikajidai haijui kwamba watu wanasali. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Haloo."

"Niitie Matonya."

Hakuna shikamoo wala habari za asubuhi. Akainuka, akafungua mlango, na kama ilivyomtokea kila siku, mdomo wake ukajiandaa kwanza kuita, "Loisi, kamwite Baba Matonya." Akaufunga. Akavuka ua mwenyewe kwenda kugonga mlango wa tatu, na Mzee Matonya akatoka na taulo kiunoni, akasimama kizingitini kwake kuzungumzia mbuzi wa mtu kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Alipomaliza alirudisha simu ikiwa imelowa sabuni.

Watu husema simu imefupisha dunia. Huenda. Kwa Mama Loisi ilikuwa imerefusha siku. Mumewe, Yotham, aliinunua kwa kiinua mgongo, mwaka ule shirika alilolitumikia lilipouzwa kwa wageni na wafanyakazi wakaambiwa asanteni. Kila kitu kingine cha zile fedha kilikwisha liwa, ikabaki simu, ile ndogo yenye tochi kichwani. Nyumba yao pale Kizota ilikuwa ya kupanga, vyumba sita vimezunguka ua mmoja, na simu ilikuwa moja. Basi wapangaji wote waliigawa namba ile kwa ndugu zao, Mpwapwa, Kondoa, Singida, bila hata kumuuliza mwenyewe, na aliyefiwa, aliyechumbiwa na aliyeibiwa ng'ombe, wote walipita masikioni mwa Mama Loisi kabla ya kufika kwa wenyewe. Hakuwahi kumnyima mtu. Hakuwahi kusahau ujumbe. Sifa hiyo alikuwa nayo ua mzima.

Lakini nani aliyempigia yeye? Loisi alikufa kwa homa msimu wa mvua uliopita, ana miaka tisa, na tangu siku hiyo mama yake alikuwa na swali moja tu, na alikuwa haliulizi kwa mtu. Alitaka kujua kama mtoto amefika. Hakutaka zaidi ya hapo. Hata bipu moja kutoka mbinguni ingetosha, kama mtu anayeshuka kwenye basi na kumjulisha mama yake kwamba nimefika salama.

Kanisani kwao, nyuma ya karakana, Mungu alikuwa msemaji hodari. Kila Jumatano kwenye maombi ya kina mama alikuwa na habari kwa watu. Paskazia, mama kiongozi, aliambiwa asinunue mbuzi mweusi, akanunua mweupe, na yule mweusi akafa kwa jirani. Evelina aliambiwa mumewe atarudi, na kweli alirudi, ingawa alirudi na mwenziwe. Wote walisimama wakasema, "Bwana amesema nami," na wote wakapigiwa makofi. Mama Loisi alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Zamu yake ilipofika alisema, "Namshukuru Mungu kwa uzima," akakaa, na Paskazia akamwangalia kwa huruma ile ambayo heri mtu akutukane.

Jumatano hiyo Mchungaji Ulimboka alikuja mwenyewe kufundisha. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayejua kuwakamata watu.

"Mnalalamika Mungu hasemi," alisema. "Mungu anapiga, jamani. Anapiga kila siku. Lakini anakuta simu inatumika! Shoga yako yuko hewani, mjomba yuko hewani, wakwe wako hewani. Mungu wa watu anasubiri weee, mwisho anakata."

Kina mama wakacheka.

"Nani hapa ana simu?"

Vichwa vikageuka. Mama Loisi akanyoosha mkono nusu.

"Ehe. Dada yangu, utamsikia lini? Zima hiyo kitu. Siku tatu tu. Funga, nyamaza, zima. Halafu njoo Jumapili utuambie."

Akarudi nyumbani ameshika simu mkononi kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

*

Chumba cha pili kutoka kwake alikaa Uwesu, kijana wa Kondoa, fundi wa kuchomelea kwenye karakana za pale pale Kizota. Alikuwa na mke mmoja, kitanda kimoja na furaha ya watu kumi. Mkewe, Mishi, alikuwa amerudi kwao milimani kwenda kujifungua, maana kwao uzazi wa kwanza msichana humrudia mama yake. Uwesu alimpeleka mwenyewe. Kabla hajaondoka aliwakusanya wakwe zake na kuwapa amri, kwa sauti nzito ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye basi.

Alimsimulia Mama Loisi aliporudi, anacheka. "Nimewaambia, mama, chochote kikitokea, nipigieni kwanza. Mke wangu asitolewe kwenda popote bila kauli yangu. Kuna mwamba juu ya kijiji, ukisimama pale mtandao unashika vizuri. Shemeji yangu Khamisi nimemwachia na vocha."

"Na namba umewapa?"

"Namba yako, mama. Ningetoa ya nani? Nimewaambia, kwa Mama Loisi ujumbe haupotei."

Kila jioni, akitoka kazini na macho mekundu ya moto, kabla hata ya kunawa alipita mlangoni kwa Mama Loisi.

"Shikamoo mama. Hakuna simu kutoka kwetu?"

"Marahaba. Hakuna, mwanangu."

"Basi wako salama." Na hapo ndipo alipokwenda kunawa na kuinjika ugali wake.

Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema. Lakini Uwesu alikuwa kijana, na kimya cha Kondoa kwake kilikuwa usingizi mzuri.

*

Alhamisi asubuhi Mama Loisi aliizima simu. Alibonya kile kitufe cha juu mpaka taa ikafa, akaiviringisha kwenye gauni la Loisi la shule lililokuwa chini kabisa ndani ya sanduku, akafunga sanduku. Yotham hakuwepo. Ulikuwa mwezi wa nane, msimu wa zabibu, naye alikuwa Makutupora akivuna kwenye mashamba ya watu, hurudi Jumamosi jioni. Kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza.

Angeweza kuwaambia wenzake uani. Alitoka kabisa na maneno mdomoni. Akamkuta mke wa Matonya anachambua mlenda.

"Mama Loisi, leo simu haijalia. Imekwisha chaji?"

Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Lakini aseme nini? Kwamba ameizima ili Mungu ampate? Alimwona mke wa Matonya tayari anaipeleka habari bombani: Mama Loisi anasubiri kupigiwa kutoka mbinguni, maskini, msiba umemgusa kichwa. Na wengine wangesema, lete basi tukushikie sisi. Nayo simu ingelia mlango wa pili, na yeye angeisikia, na magoti yangenyanyuka yenyewe.

"Leo watu wametulia tu," alisema.

Alimfikiria Uwesu, ndiyo. Msiseme hakumfikiria. Alihesabu kwa vidole tumbo la Mishi akaona mwezi wake bado, mtoto wa kwanza hachelewi kuchelewa. Siku tatu zitapita kama upepo. Kwa miaka mitatu amekuwa mlango wa watu wote, na kwa siku tatu tu anataka kuwa mtu ndani ya nyumba yake. Je, hilo ni kosa? Alijiuliza na kujijibu mwenyewe, na mtu akijihukumu mwenyewe mara nyingi hushinda kesi.

Jioni Uwesu akapita.

"Shikamoo mama. Hakuna simu kutoka kwetu?"

"Marahaba." Aliinama kuokota kijiti ambacho hakikuwa na kazi. "Hakuna, mwanangu."

Na kweli hakukuwa na simu. Hakusema uongo hata herufi moja.

*

Ijumaa alisali kutwa. Njaa ilimpa kizunguzungu, midomo ikakauka. Upepo wa Dodoma wa mwezi ule unajulikana, ulileta vumbi likajaa juu ya meza, juu ya sanduku. Alimwambia Mungu habari zote ambazo hakuwahi kumwambia Yotham. Kwamba usiku ule wa homa mtoto aliomba maji ya baridi na yeye akampa ya vuguvugu kwa sababu waliambiwa baridi ni mbaya. Kwamba mpaka leo hajui kama ilikuwa mbaya. Mungu akasikiliza, au hakusikiliza, ila hakusema.

Jioni Uwesu akauliza, naye akajibu vile vile. Safari hii haikuwa ngumu. Jambo baya likirudiwa hupata wepesi wa mazoea.

Jumamosi, jua limesimama katikati, alilala kifudifudi sakafuni kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa. Hakuomba kitu tena. Maneno yalikuwa yamekwisha. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio unakwenda taratibu. Ndipo ndani yake, si sikioni, mahali fulani chini ya koo, akasikia neno moja. Tulia. Likaja na ubaridi kama wa maji ya mtungi. Akajua, kama mtu anavyojua mkono wake, kwamba Loisi amefika.

Alilia mpaka kanga ikalowa. Kilikuwa kilio cha kupumzika, cha kwanza tangu msimu wa mvua. Nani wa kusema hakusikia? Mimi siwezi kusema.

Jioni alitoka uani ameoga, amejipaka mafuta. Uwesu alimkuta anawasha jiko la mkaa, uso unang'aa. Alikuwa ameshika kifurushi cha gazeti.

"Shikamoo mama. Ona." Akafungua. Kofia ya mtoto ya sufu, rangi ya maziwa, ina kamba mbili za kufungia kidevuni. "Kondoa kuna baridi."

"Nzuri sana. Mwenyezi Mungu amlinde."

"Hakuna simu kutoka kwetu?"

"Hakuna, mwanangu," alisema, na alisema kwa furaha kubwa hivi kwamba kijana naye akacheka bila sababu, akaivalisha kofia ile kwenye ngumi yake na kuichezesha mbele yake.

*

Jumapili alisimama kanisani kabla hata ya kuitwa.

"Mimi sikuwa na ushuhuda," alisema. "Ninyi mnajua. Lakini nilizima, nikanyamaza, na Bwana amesema nami. Ameniambia nitulie. Amesema na mimi, mimi Evodia."

Ilikuwa muda mrefu hajajitaja jina lake. Makofi yalipigwa, vigelegele vikapigwa, Paskazia akaja kumkumbatia. Mchungaji Ulimboka akanyoosha kidole juu kuwaonyesha wote: mnaona? Mama Loisi alirudi nyumbani hagusi chini.

Yotham alikuwa amerudi usiku wa manane, akalala bila mazungumzo, mikono imekatikakatika kwa mashina ya zabibu. Alikuwa anakula.

"Simu iko wapi?" aliuliza. "Tangu Alhamisi nakubipu kwa simu ya nyapara haipatikani."

"Nilikuwa nimeizima. Nitakueleza, baba, kuna jambo zuri."

Akaitoa kwenye gauni la shule, akaibonya. Taa ikawaka. Akaiweka mezani karibu na bakuli la mboga ili amsimulie mumewe jambo zuri.

Simu ikaita kidogo. Ujumbe. Ikaita tena. Ikatulia, kama inayovuta pumzi, ikaita tena na tena, inatetemeka na kusogea kuelekea ukingo wa meza, mpaka Yotham akaiwekea kiganja isianguke.

"Soma," alisema.

*Mama shikamoo ni Khamisi wa Kondoa. Mwambie shemeji uchungu umeanza kabla ya siku zake.*

*Mama hupatikani. Mwambie shemeji mtoto amekaa vibaya. Nesi anasema tumpeleke hospitali akapasuliwe. Wazee wanasubiri kauli yake.*

*Mama tafadhali. Niko mwambani tangu asubuhi. Aseme ndiyo tu inatosha.*

*Anamwita Uwesu.*

Wa mwisho haukuwa na salamu wala jina. *Tunamtoa hivyo hivyo kwa lori la mkaa.*

Mama Loisi alisoma polepole, anafuata kwa kidole, kana kwamba akifika mwisho polepole mwisho utakuwa mwingine. Yotham aliacha kutafuna. Uani Uwesu alikuwa anafua, anaimba kwa kupuliza mdomo. Na simu ikalia.

"Haloo."

"Mama." Sauti ya Khamisi ilikuwa tulivu, ya mtu aliyemaliza kulia. "Kumbe unapatikana. Niitie shemeji."

Niitie. Lilikuwa neno lile lile la kila siku. Miguu yake ilijua la kufanya. Ikamtoa nje, ikamvusha ua, mkono umenyoosha simu mbele.

"Uwesu. Simu yako."

Kijana akainua uso kutoka kwenye beseni. Akaona jinsi alivyokuja na akaelewa vingine kabisa. Akajifuta mapovu kwenye suruali, huku meno yote nje.

"Mtoto?" aliuliza. "Mama, mtoto?"

Yeye akampa simu tu.

*

Mtoto alikuwa hai. Walimtoa alfajiri ile, wa kike. Mama yake hakuamka.

Uwesu alisikiliza amesimama. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Mbona hamkunipigia?" Akasikiliza tena, muda mrefu, na macho yake yakainuka yakamtafuta Mama Loisi.

"Anasema wamepiga tangu Ijumaa. Haipatikani."

Ua mzima ulikuwa umetoka nje. Mama Loisi akafungua mdomo. Ndipo Yotham, aliyekuwa nyuma yake, akamwahi.

"Mtandao," alisema. "Hata mimi Makutupora nimejaribu, wapi. Mnara umesumbua wiki nzima."

"Mnara," Uwesu alisema.

"Mnara, mwanangu. Pole sana."

Mke wa Matonya akaanza kulia kwa sauti, na kilio kikafunika kila kitu. Uwesu akakaa chini, pale pale kwenye maji ya kufulia. Wanaume walichanga nauli na rambirambi kwenye kofia. Walimpeleka kituoni kabla ya jua kuchwa kutafuta lori la kwenda Kondoa usiku huo, lakini Khamisi alikuwa amekwisha mwambia kwamba hawatamsubiri, maiti haikai. Mishi alizikwa jioni ile bila mumewe.

Walipobaki wawili, Mama Loisi alisema, "Kwa nini ulidanganya?"

"Ulitaka nisemeje? Mke wangu alizima simu anasubiri kupigiwa na Mungu?" Yotham aliangalia mikono yake iliyokatikakatika. "Yule binti amekufa, Evodia. Ukweli utamfufua? Maji yamemwagika. Acha mnara ubebe. Mnara ni chuma."

 Na kwa siku nyingi, Mungu amsamehe, Mama Loisi akakubali.

*

Alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta ofisini, chumba chenye viti viwili na kalenda. Alimweleza yote, bila kulia, kwa mpangilio. Mchungaji alitikisa kichwa, akasema "Ole, ole," na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

"Ni mapenzi ya Mungu, dada."

"Siulizi hilo, mchungaji. Nauliza, yule aliyeniambia nitulie alikuwa nani?"

Mchungaji alivuta pumzi ajibu. Mfukoni mwake kitu kikaanza kulia, wimbo wa sifa, vinanda na ngoma. Akakipapasa, akakitazama, akamtazama yeye.

"Samahani kidogo, dada yangu. Huyu ni askofu," alisema, akatoka nje kupokea.

Mama Loisi alimsubiri. Kupitia dirishani alimwona anatembea huku na huku kivulini mwa ukuta, anacheka, anapiga paja. Alipoona anageuka upande wa barabarani, akainuka akaenda zake.

*

Uwesu alirudi baada ya arobaini, peke yake. Mtoto alibaki kwa bibi yake, Bi Mwantum, anakunywa maziwa ya mbuzi, bado hana jina, maana baba yake alishindwa kumpa. Alikuwa amepungua hata shingo. Asubuhi ya kwanza alitoka kwenda kazini, akapita mlangoni kwa mazoea, akasimama, akakumbuka kwamba hana la kuuliza.

"Shikamoo mama," alisema tu.

Ni ile shikamoo iliyomshinda. Angepita kimya huenda angeweza kuishi na mnara wake mpaka kufa.

"Uwesu," alisema. "Haukuwa mnara."

Mke wa Matonya alikuwa anateka maji. Akatua ndoo.

"Niliizima mimi. Nilikuwa na maombi. Niliifungia sandukuni tangu Alhamisi mpaka Jumapili. Kila uliponiuliza ilikuwa imezimwa."

Kijana hakusogea. Alionekana kama anayetafsiri maneno kutoka lugha ngeni.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Jumamosi nilikuuliza. Nilikuwa na kofia."

"Ulikuwa nayo."

"Ungesema tu imezimwa. Pale barabarani kuna vibanda vya simu vitatu. Ningekwenda kupiga. Ningesema ndiyo." Alisema bila kupaza sauti. "Ndiyo tu. Walikuwa wanangoja hilo."

Mama Loisi alipiga magoti kwenye vumbi la ua. Watu walikuwa wametoka milangoni tena. Yotham alikuwa kizingitini na mswaki mdomoni. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Uwesu akamwangalia pale chini.

"Mimi ndiye niliyewakataza wasimtoe," alisema. "Mimi, kwa mdomo wangu. Mama yake Mishi ananipa mtoto nimshike, ananitazama, hasemi kitu. Nilikuwa namwambia ni mnara. Kila siku naamka najiambia, si wewe, Uwesu, ni mnara." Akafuta uso kwa kiganja. "Ungeniachia huo mnara, mama."

Akaenda kazini. Jioni alikuja na mkokoteni, akapakia kitanda.

*

Hawakumtenga Mama Loisi. Watu wa ua ule hawakuwa wabaya. Walimsalimu, walimwazima kibiriti. Ila mke wa Matonya aliuza kuku, mumewe akanunua simu yake, na namba ya zamani ikafutwa Mpwapwa, ikafutwa Singida. Kanisani Paskazia alimweleza kwa upole kwamba ushuhuda ule asiurudie kwanza. Mvua zikaja. Mama Loisi aliichaji simu kila siku, akaiweka mezani inang'aa, vijiti vyote vya mtandao vimesimama. Haikulia. Alikuwa amekiomba kimya, na sasa alikuwa nacho chumba kizima. Hakusikia kitu ndani yake. Kila alipofumba macho neno lile lilirudi, tulia, na hakujua tena sauti yake ni ya nani.

Halafu mchana mmoja, anasonga ugali, ikalia. Mwiko ulimtoka.

"Haloo?"

Kulikuwa na upepo mwingi upande wa pili, na pumzi ya mtu mzima aliyepanda mlima.

"Ni Mama Loisi? Mimi Mwantum wa Kondoa. Sina namba nyingine. Huyo kijana namba yake haijui mtu." Alikohoa. "Mwambie mtoto ameota jino. La chini. Tumempa jina Salma. Mwambie anacheka."

"Nitamwambia, bibi. Nakwenda sasa hivi. Bibi, mimi ndiye—"

"Najua wewe ni nani," alisema yule bibi. "Mwambie." Vocha ikaisha, au alikata.

Aliacha ugali jikoni. Alikimbia barabara yote ya karakana, mtu mzima, kanga mkononi, huku anarudia kimoyomoyo asije akapoteza hata neno: jino, la chini, Salma, anacheka. Uwesu alikuwa amechuchumaa kwenye geti la mtu, kinyago cha kuchomelea usoni, cheche zinaruka. Mwenzake akamgusa bega. Akazima moto, akainua kinyago.

Akamwangalia miguuni. Alikuwa amevaa kandambili moja yake na moja ya Yotham.

"Bi Mwantum amepiga. Sasa hivi, haijapita hata robo saa." Alikuwa anahema. "Mtoto ameota jino. La chini. Wamempa jina Salma. Amesema nikwambie anacheka."

Midomo ya Uwesu ilitikisika kidogo upande mmoja. Mama Loisi alisubiri. Hakujua anasubiri nini, lakini alisimama pale anasubiri kwa mwili mzima, kuliko alivyowahi kusubiri sakafuni kwake siku zile tatu.

"Nimesikia," alisema Uwesu. "Asante."

Neno mama, alilokuwa akilimalizia kila salamu, hakuliweka. Akateremsha kinyago, akawasha moto.